Gramu Sitini na Firigisi ya Kuku

Kamina, Jumapili. Mvua imeanza mara tu baada ya misa, na sasa inakaribia saa kumi na moja, bado haijakata. Kinu kimefungwa, mota imepoa. Nimeketi juu ya gunia la mahindi na daftari hili gotini, kwa sababu nyumbani leo sina mahali pa kuketi.

Asubuhi, kabla ya misa, nilipanda juu ya mizani ya magunia. Kilo tisini na mbili. Miezi sita iliyopita, mizani hii hii ilisema mia moja thelathini na nane. Toa. Arobaini na sita. Kuna akina mama wanaoleta mahindi kichwani ambao mzigo wao haufiki nusu ya hapo.

Ningekuwa nimepungua polepole, ningefurahi. Lakini katika hizo arobaini na sita, kumi na moja zimetoka mwezi huu peke yake. Mwezi huu sikupungua. Mwezi huu ninaliwa.

Niandike tangu mwanzo. Leo nimesema ukweli kwa mara ya kwanza na haukunisaidia kitu. Labda kwenye karatasi utakaa sawa.

Mimi ni Ngoy mwenye kinu. Nilianza na baiskeli, nikinunua mahindi vijijini na kuyasukuma mpaka Kamina. Kisha nikapata kinu cha mkono, kisha mota ya kwanza. Hakuna mjomba aliyenisaidia, hakuna chama. Nilivyokuwa nasaga unga wa mtaa mzima ndivyo na mwili ulivyokuwa unajaa, na watu walipenda. Niliposhuka barabarani nikiwa nimevaa suti yangu ya abacost, hata askari walikuwa wanasema patron, bosi. Tumbo langu lilikuwa kibao cha biashara yangu.

Ila magoti yalikuwa yanakufa. Sukari ilikuwa damuni. Usingizini nilikuwa naacha kupumua, na mke wangu, Numbi, alikuwa ananipiga kiwiko ili nirudi.

Mwaka jana nilikwenda Ulaya kununua mota mpya. Hiyo ndiyo habari wanayoijua watu wote, na ni kweli, mota hii hapa. Wasichokijua ni kwamba daktari mmoja kule alinipima, akanionyesha hesabu ya miaka iliyobaki, nami hesabu ninaielewa. Nikatia sahihi. Walinipasua, wakalibana tumbo kwa juu, wakaniachia mfuko mdogo kama kikombe cha kahawa. Chakula kinaingia hapo kwanza, kinapita pole pole kwenye kitundu chembamba. Ukizidisha, kinarudi. Ukimeza kipande kigumu, kinaziba.

Niliporudi, kila mtu aliitazama mota.

Sikumwambia mtu isipokuwa Numbi, na yeye nilimwambia kwa sababu aliona kovu. Nilimwapisha anyamaze. Sababu? Niiandike hapa bila kuipamba. Niliona aibu. Nani ataheshimu mwenye kinu aliyelipa mzungu ili asiweze tena kula unga?

Basi mimi nikapata heshima, na Numbi akapata mashtaka.

Sasa habari ya chakula chenyewe. Daktari alinipa karatasi. Inasema gramu sitini za protini kila siku, yaani ile sehemu ya chakula inayojenga nyama ya mwili, na kwamba hiyo iingie kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu kikombe kikijaa kimejaa. Halafu inaorodhesha: jibini, yogati, nyama ya nguruwe ya kukausha, maziwa ya chupa. Niliisoma karatasi hiyo hapa Kamina, kinuni, nikiwa nimezungukwa na unga pande zote.

Nikaenda kwa masista wa misheni, wanaolisha watoto waliovimba miguu na kubadilika nywele kwa kukosa chakula cha kujenga mwili. Nikamdanganya sista kwamba nataka kusaga unga maalumu wa watoto wake, anionyeshe chati yao. Akafurahi sana, akaniandikia yote. Mtu wa kilo mia na kitu, nimesimama kwenye foleni ya watoto wenye utapiamlo, nanakili chakula chao.

Kwa chati hiyo, mimi na Numbi tulipanga. Mayai mawili, gramu kumi na mbili. Samaki mkavu, vijiko vitatu vya unga wake, kumi na nane. Binkubala, wale viwavi wa porini waliokaushwa, konzi moja iliyotwangwa, kumi. Maharagi yaliyopondwa na kuchujwa maganda, nusu kikombe, saba. Maziwa ya unga, vijiko viwili, tano. Karanga za kusaga, kijiko, nne. Jumla hamsini na sita. Zinakosekana nne, na hizo nne nilikuwa nazitafuta kama mtu aliyeangusha ufunguo.

Yote hayo mara sita kwa siku, kidogo kidogo, bila kunywa maji pamoja na chakula, na nusu saa ya kutafuna kitu ambacho zamani nilikuwa nakimeza bila kuketi.

Tonge la bukari, ugali wetu wa mahindi? Gramu moja, na kwa kuwa sista ni mtu mwema, aliandika moja na nusu. Inajaza kikombe chote na haijengi chochote. Ninasagia mji mzima bukari yao na kwangu mimi hiyo ndiyo adui.

Miezi minne ya kwanza hesabu ilisimama. Samaki wanatoka Sanga, kwa mama mkwe wangu, pembeni ya ziwa Kisale. Yeye mwenyewe anawakausha na kuwatuma kwa baiskeli. Numbi anawatwanga mpaka wanakuwa vumbi, anachekecha miiba, ananikorogea kwenye uji mwepesi na yai. Kumi na nane kati ya hamsini na sita. Karibu theluthi moja ya mwili wangu inatoka mkononi mwa mwanamke mmoja na mama yake. Shikilia hesabu hiyo, daftari, utaona kwa nini naogopa.

Kisha vidonge vya vitamini nilivyopewa Ulaya vikaisha. Vya miezi minne tu. Sasa nywele zinabaki kwenye kitana. Kucha zinavunjika kama maganda ya karanga. Na miguu: juzi kandambili yangu ilichomoka nikatembea bila hiyo mpaka mlangoni, sikujua. Mwuguzi wa zahanati alinichoma sindano mbili za vitamini, akaniita sitwayen, yaani mwananchi, akasema ya tatu tungoje gari la moshi lilete dawa. Sikumwambia kuhusu kukatwa tumbo. Hata yeye.

Tena wageni. Mtu akipungua, wageni wanaongezeka. Wanakuja kuangalia. Na mbele ya wageni nimekuwa nakula bukari ili nionekane mzima, na nikiila naitapika, na nikiitapika yale mayai ya asubuhi yanatoka nayo. Kilo kumi na moja za mwezi huu zimepotelea hapo.

Wanawake kinuni wanasema mambo mawili. Wengine wanasema ni ule ugonjwa mpya wa kukonda, na wamesogeza mabeseni yao mbali na mkono wangu. Wengine, na hao ndio wengi, wanasema ni Numbi anayeniroga.

Wana ushahidi, ndilo jambo baya. Kwetu mwanaume hali mbele ya wanawake. Chakula chake kinaletwa kimefunikwa, anakula na wanaume wenzake ama peke yake, na sahani inarudi. Watu wanaona sahani, hawaoni mdomo. Kwa hiyo kila siku Numbi alipika bukari ya kuonyesha, akaniletea imefunikwa vizuri, na ikarudi nzima. Ikabidi aiondoe. Akaonwa. Jirani amemwona akiwatupia kuku bukari ya mume wake, si mara moja, kila siku.

Mwanamke anayelisha kuku chakula cha mume, na mume anayeyeyuka. Hata mimi ningejumlisha hivyo.

Leo amekuja yaya Kabange. Ni dada yangu mkubwa, ameolewa na sajini kule Base, kambi ya jeshi, na tangu mama afe yeye ndiye mama. Alipanda lori la askari katika mvua na beseni mapajani. Ndani yake bukari ya watu wanne na jogoo mzima aliyempika mwenyewe. Hakumsalimu Numbi. Alipita kando yake kama unavyopita kando ya nguzo.

Aliweka chakula mbele yangu, akafunua. Juu kabisa, juu ya mapaja na kifua, ilikaa firigisi.

Kila mtu hapa anajua firigisi ni ya nani. Mke akimpikia mume kuku na firigisi isionekane, kuna ndoa zimeisha hapo. Hiyo ndiyo heshima ya mwanaume, nyama kidogo, ngumu kama raba. Yaya alikuwa anasema bila kusema: angalia, sisi wenye damu yako tunakupa, huyu anakunyima.

Halafu akafanya jambo ambalo dada hafanyi. Alivuta kiti, akaketi mlangoni, uso kwangu.

«Kula, nione,» alisema.

Nilimwona Numbi nyuma yake, kwenye baraza ya jikoni. Alitikisa kichwa, kidogo tu. Nilielewa. Nichomoe nyama laini ya kifua, niichambue, nitafune mara thelathini, vijiko vitano, basi. Kwenye beseni lile gramu zangu zote sitini zilikuwepo, na zaidi. Hata ile firigisi, ingekatwa katwa na kupondwa, ni chakula kizuri kabisa kwangu.

Lakini sikutaka kutafuna mara thelathini mbele ya dada yangu kama mzee asiye na meno. Niliwaza: nikila vizuri leo, mara hii moja, Numbi atakuwa salama. Hesabu mbovu kuliko zote nilizopiga maishani.

Nilikula firigisi kwanza. Niliitafuna mara tatu, nne, nikameza. Nikafuata na tonge, kubwa, la kiume. La pili. La tatu. Yaya akaanza kutabasamu. Alisema jogoo huyo alikuwa anawika mpaka komanda wa Base alimfahamu kwa sauti. Nikacheka. La nne.

La tano halikuwa na pa kwenda.

Anayelijua jambo hili analijua. Ni kama mtu amekukanyaga kifuani kwa ndani. Mate yanajaa mdomoni, jasho linatoka nyuma ya masikio. Nilisimama, sikufika mbali. Firigisi ilitoka nzima, baada ya kila kitu kingine, mbele ya mlango, mbele ya dada yangu.

Yaya hakunitazama mimi. Aligeuza kiti chake kuelekea jikoni.

«Hii chakula nilipika minyi mwenyewe, kwa mukono yangu, na mwili yake inaikatala,» alimwambia Numbi. «Weye ulimufanya nini mutoto wa mama yangu?»

 Miezi sita Numbi hajibu mashtaka, kwa sababu nilimwapisha. Alikuwa ameshika mwiko, akauweka chini polepole, akanitazama mimi. Nimewahi kuangaliwa na watu waliokuwa wananidai unga wao uliochelewa. Haikuwa hivyo. Aliniangalia kama mtu anayengoja kuona kama kweli nitanyamaza tena.

Nikafungua vifungo vya shati.

«Yaya, angalia. Balinipasua kule Ulaya. Balifunga tumbo, likabakia kadogo. Njo maana siwezi kukula. Numbi hana kosa.»

Aliliangalia kovu, kutoka kifuani mpaka kitovuni. Aliligusa hata kwa kidole. Akaniuliza balinipasua juu ya ugonjwa gani. Nikasema si ugonjwa hasa, ni juu nipunguke.

Aliondoa kidole kovuni. Halafu akacheka. Si kwa ubaya, nadhani, alicheka kwa kunihurumia.

«Ngoy. Weye, mwenye kujua hesabu kupita bote kwetu. Muntu mwenye kinu. Ulipanda ndege, ukalipa muzungu akukate tumbo, ili usikule?» Akaniinamia, akanifunga vifungo kimoja kimoja kama nilipokuwa mdogo. «Hiyo kovu iko ya kitu ingine, balikuficha. Na hiyo maneno, iko ya huyu muke. Alikufundisha.»

Nilimwonyesha karatasi ya daktari. Yaya hasomi Kifaransa. Nilimsomea. Akasema karatasi yoyote inaweza kusomwa hivyo.

Ndivyo nilivyojua kwamba nimechelewa. Ningesema siku ile niliyoteremka na mota, nikiwa bado na mwili, wangenicheka wiki mbili yakaisha. Sasa nimekonda, maneno yangu ni maneno ya mgonjwa. Nilijenga jina la mtu asiyekosea hesabu, na jina hilo ndilo linalonikana.

Kabla lori halijarudi Base, yaya alisema lililomleta. Jumamosi ukoo unakutana kwake. Numbi atarudishwa Sanga kwa wazazi wake, na mimi nitakwenda kukaa kwake Base, anipikie mwenyewe mpaka nirudi kuwa mtu. Alisema hivyo kwa upendo. Bukari asubuhi, bukari jioni, na firigisi kila Jumapili.

Nilipiga hesabu nikiwa bado nimesimama mlangoni. Ondoa samaki wa Sanga. Ondoa mtwangaji. Ondoa mtu pekee anayejua kuondoa maganda ya maharagi. Ongeza matonge. Kwa kilo kumi na moja kwa mwezi, sihitaji kalamu kujua nimebakiza miezi mingapi.

Nilidhani Numbi atalia. Alifagia pale mlangoni, akamwaga maji, akafagia tena. Kisha akaingia chumbani, akaanza kukunja vitenge vyake ndani ya beseni, na mimi nikamfuata nikisema mambo ya mwanaume: kwamba nitakataa, kwamba Jumamosi nitasema mbele ya ukoo wote, kwamba hawawezi.

«Utasema nini?» aliniuliza. «Leo umesema. Umeona.»

Nikamwambia basi kesho aniletee chakula changu hapa kinuni, kile cha kweli, uji wa samaki, bila kukifunika, wanawake wote waone ananilisha nini.

Aliacha kukunja.

«Nikikuletea ukatapika mbele yao, Jumamosi bataingoja ya nini? Myezi sita minyi niko muchawi juu ya haya yako, Ngoy. Samaki nitakuachia, iko kwenye kikapu. Lakini mukono yangu haingie tena mu sahani yako. Jipikie.»

Nimekuja kuketi hapa kinuni na hilo neno. Mwanzoni lilinichoma. Jipikie. Mtu wa miaka hamsini na miwili, mwenye kinu, jipikie.

Lakini kadiri mvua inavyoendelea naona kwamba katika watu wote waliosema leo, ni yeye tu aliyesema kitu kinachofanyika. Maana shtaka lote limesimama juu ya mambo mawili: hakuna anayeniona nikila, na anayepika ni Numbi. Ondoa yote mawili, linabaki nini?

Basi ndivyo itakavyokuwa. Kesho Jumatatu, siku ya foleni ndefu kuliko zote. Nitaleta jiko la makaa hapa, karibu na mizani. Nitapika mwenyewe na nitakula mwenyewe, mbele ya wanawake, mdomo wazi kwa watu, mara sita, kutoka kwenye kikombe, nikitafuna mara thelathini nao wahesabu wakitaka. Atakayeuliza nitamfungulia shati. Watacheka. Kijana yeyote wa mtaani atanipa jina jipya kabla ya saa sita mchana. Mwanaume anayekula mbele ya wake za watu hana tena la kuficha, na pengine hana tena la kuheshimiwa. Jioni nitapanda mizani, kila siku, mbele yao vilevile. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Siku tano. Jumamosi wanawake wa Kamina watakuwa wameshaongea, na maneno yao yanafika Base kabla ya lori.

Yatatosha? Sijui. Kama nikitapika Jumatano mbele ya foleni, angalau kitakuwa chakula changu, cha mkono wangu, na hakuna wa kurudishwa Sanga kwa ajili yake isipokuwa mimi.

Beseni la vitenge liko bado juu ya kitanda. Nimevuka ua mara moja, nikachungulia dirisha la chumba chetu. Hajalifunga, hajalitoa.

Mkaa upo. Samaki yupo kikapuni. Mayai nitanunua kwa jirani yule yule aliyemsema Numbi, aone mwenyewe yanakwenda wapi. Mawili, gramu kumi na mbili, hilo nalijua hata nikilala. Lakini nimekaa hapa nusu saa nzima nikijiuliza, na aibu imenishika nikiwa peke yangu: yai likiwa ndani ya maji, mtu anajuaje kwamba limeiva?

Itabidi nimwulize Numbi kesho asubuhi, kama bado atakuwa ananisemesha.